Binadamu wa bahari inayopwa na kujaa: mwili wao ungekuwaje?

Swali: Ninaandika riwaya kuhusu watu waliohamia zamani kwenye sayari iliyofunikwa na bahari karibu kote, ambako maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa sana kwa sababu ya mwezi ulio karibu. Wahusika wangu ni binadamu ambao miili yao imezoea mazingira hayo, na nimewapa matamvua, magamba na vidole vyenye utando. Rafiki aliyesoma mswada anasema hawaaminiki. Je, mwili wa binadamu ungeweza kubadilika vipi huko, ungehitaji muda gani, na watu hao wangeweza bado kuzaa na watu wanaotoka Dunia?

Jibu: Nakushukuru kwa swali hili, ndugu mwandishi, kwa sababu linagusa jambo ambalo nimelifanyia kazi muda mrefu, yaani fiziolojia ya wanyama wanaopiga mbizi, na kwa sababu umeuliza mapema, kabla mswada haujachapishwa. Rafiki yako yuko sahihi kuhusu matamvua na magamba, lakini nisingependa uliache wazo lenyewe, kwani mwili wa binadamu una nafasi ya kubadilika kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba umewaumba watu wa kilindini, ilhali sayari uliyoieleza ni ya ukingoni. Bahari inayojaa na kupwa kwa kiasi kikubwa humtia mtu yuleyule, ndani ya siku ileile, majini, matopeni na juani, na mwili unaofaa mahali kama hapo ni ule unaoweza kuhama kutoka hali moja hadi nyingine kila siku bila kudhurika. Karibu kila ninachokupendekezea hapa kinatokana na hilo.

Tuanze na mwezi wenyewe, kwa sababu ndio utakaoamua mengi. Nguvu ya mwezi ya kuinua maji hutegemea uzito wake, na hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali wake. Maana yake ni kwamba mwezi ukisogezwa hadi nusu ya umbali wa sasa, nguvu hiyo huongezeka mara 8. Mwezi wetu, kama ungekuwa na bahari kuu tupu chini yake, ungeleta tofauti ya takriban nusu mita tu kati ya kujaa na kupwa. Tofauti kubwa zinazojulikana, kama ile ya Ghuba ya Fundy nchini Kanada ambako maji hupanda kwa takriban mita 16, hutokana na umbo la pwani na la ghuba, ambalo huyabana maji na kuyayumbisha kwa mwendo unaokaribiana na ule wa mwezi. Hapa ndipo waandishi wengi wanapokosea: sayari isiyo na nchi kavu hata kidogo, wala sehemu zenye kina kifupi, haina pwani, na mtu anayeelea katikati ya bahari ya namna hiyo hawezi hata kutambua kwamba maji yamejaa. Kwa hiyo weka kwenye sayari yako nyanda pana za mchanga na tope zinazofunikwa na kufunuliwa, na visiwa vichache ambavyo maji hayavifikii kamwe.

Tuchukue basi sayari yenye uzito, siku na mwaka kama wa Dunia, na mwezi wenye uzito kama wetu lakini ulio nusu ya umbali. Mwezi huo ungezunguka kwa siku zisizofika 10, maji yangejaa kila baada ya saa 13 na dakika 20 hivi, badala ya saa 12 na dakika 25 kama hapa kwetu, na bamvua, yaani kujaa na kupwa kulikozidi kwa ukubwa, lingerudi kila baada ya siku 5 hivi badala ya takriban siku 15. Kwenye bahari kuu tofauti ya maji ingekuwa kama mita 4, na kwenye pwani yenye kina kifupi ingefika mita 8 bila shida. Sasa piga hesabu ya uwanda unaoshuka mita moja kwa kila kilomita. Maji yakipwa, kilomita 8 za sakafu ya bahari zinabaki wazi. Yakirudi, yanazifunika kwa saa 6 na dakika 40, yaani kwa mwendo wa wastani wa kilomita 1.2 kwa saa, na katikati ya kujaa yanakaribia kilomita 2 kwa saa. Mtu mzima hutembea haraka kuliko hapo kwenye mchanga mgumu, lakini aliyezama magotini katika tope, mwenye mzigo wa chaza mgongoni na mtoto mkononi, anaweza kupitwa na maji hayo, hasa yanapomzunguka kwa nyuma kupitia mifereji ambayo daima hujaa kwanza. Uteuzi asilia, yaani wanaofaa mazingira kuishi na kuzaa kuliko wengine, ungefanya kazi yake hasa pale, kwenye uwanda uleule ambao watu wanautegemea kwa chakula.

Ikiwa umepanga kuwaweka watu wako kwenye mwezi unaozunguka sayari kubwa ya gesi, tahadhari. Miezi ya namna hiyo kwa kawaida huwa imefungwa upande mmoja, ikiielekezea sayari mama uso uleule siku zote, kwa hiyo uvimbe wa maji husimama mahali pamoja na haupandi wala kushuka. Kinacholeta mabadiliko ni obiti kutokuwa duara kamili. Europa, mwezi wa Mshtarii unaozunguka kwa siku 3.55, huvutwa na kulegezwa hivyo, na wanasayansi wanakadiria kwamba barafu yake hupanda na kushuka kwa takriban mita 30 katika kila mzunguko. Ukichagua njia hiyo, kupwa na kujaa kutafuata mzunguko wa mwezi huo wala si siku ya saa 24, na saa za miili ya wahusika wako zitabidi zifuate hivyo hivyo.

Sasa matamvua. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji ya bahari yenye uvuguvugu ina mililita 5 hivi tu. Mtu mzima aliyetulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika, kwa hiyo angelazimika kupitisha lita 50 za maji kwenye matamvua yake kila dakika, tena kwa kudhani kwamba anaichukua oksijeni yote iliyomo, jambo ambalo hata samaki hawaliwezi. Akiogelea kwa nguvu, mahitaji yake hupanda hadi lita 2 za oksijeni kwa dakika, na maji yanayohitajika yanafika lita 400. Pamoja na hayo, kinachonifanya niyakatae kabisa ni joto. Damu inayopita kwenye tamvua hutenganishwa na maji kwa utando mwembamba mno, kwani pasipo wembamba huo oksijeni haipenyi, na utando unaopitisha oksijeni hupitisha joto kwa wepesi zaidi. Lita 50 za maji kwa dakika zikipashwa kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, mwili unapoteza nishati ya takriban wati 3,300, wakati mwili wa mtu aliyetulia huzalisha wati 100 hivi. Jodari, ambaye ni miongoni mwa samaki wachache wenye misuli yenye joto, huilinda misuli hiyo kwa mtandao wa mishipa inayorudishiana joto, lakini matamvua yake yenyewe hubaki na ubaridi wa maji. Ndiyo maana nyangumi, sili na kasa, ambao mababu zao walirudi baharini kwa nyakati tofauti na kwa njia tofauti, wote wameendelea kupumua hewa.

Njia waliyoifuata wanyama hao ni kubeba oksijeni nyingi na kuitumia kwa uangalifu, na habari njema kwako ni kwamba binadamu tayari tuna mwanzo wa njia hiyo. Uso ukizama katika maji baridi na pumzi ikashikwa, mapigo ya moyo hupungua, mishipa ya mikono na miguu hubana ili damu ibaki kwa moyo na ubongo, na bandama hujikamua na kumwaga seli nyekundu za akiba kwenye damu. Mwaka 2018 Melissa Ilardo na wenzake walichapisha katika jarida la Cell matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa Wabajau wa Indonesia, watu ambao wameishi kwa kupiga mbizi kwa vizazi vingi, wakionyesha kwamba bandama lao ni kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko la majirani zao Wasaluan wanaoishi kwa kilimo. Lenye uzito zaidi katika matokeo hayo ni kwamba hata Wabajau wasiopiga mbizi walikuwa na bandama kubwa, na kwamba ukubwa huo ulihusishwa na toleo fulani la jeni iitwayo PDE10A. Huu ni urithi, wala mazoezi ya mtu mmoja hayatoshi kuueleza. Kwa hiyo bandama kubwa liwe la kwanza katika orodha yako.

La pili ni mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Sili wanaozama sana wana mayoglobini mara 10 au zaidi ya ile ya misuli yetu, kiasi ambacho protini za kawaida zingegandamana na kuharibika. Mwaka 2013 kundi la Michael Berenbrink wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilieleza siri yake: katika wanyama wanaopiga mbizi, uso wa mayoglobini una chaji chanya nyingi, na molekuli zenye chaji ya aina moja husukumana badala ya kushikamana. Badiliko la namna hii huhitaji hatua chache za kijeni, na kwa maoni yangu ni la kuaminika zaidi kuliko kiungo chochote kipya ambacho ungeweza kubuni. Misuli ya watu wako ingeonekana myekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, kitu ambacho tabibu katika riwaya yako angekitambua mara tu anaposhona jeraha. Usiwape hata hivyo dakika 60 chini ya maji kama sili wa Weddell. Mpiga mbizi Mfaransa Stéphane Mifsud, bila kuvuta oksijeni safi kabla, alishika pumzi kwa dakika 11 na sekunde 35 mwaka 2009, lakini alikuwa ametulia tuli. Ubongo wetu ni mkubwa na hautaki kungoja. Kwa mtu anayefanya kazi chini ya maji ningekubali dakika 8 hadi 10, na kwa maisha ya uwandani zinatosha kabisa, kwa sababu hana shida ya kwenda zaidi ya mita 20.

Chumvi ndiyo mada ambayo waandishi huiruka, nami ningependa uitilie maanani kuliko nyingine zote. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama hiyo. Anayekunywa lita moja ya maji ya bahari hupoteza zaidi ya lita moja ili kuitoa chumvi yake, na hivyo kiu humuua upesi zaidi kuliko kama asingekunywa kabisa. Pomboo na sili hukwepa tatizo hili kwa kula samaki, kwa kuwa damu ya samaki wenye mifupa ina takriban theluthi moja tu ya ukolezi wa chumvi ya bahari, na mafuta ya samaki yakiunguzwa mwilini hutoa maji. Lakini watu wako hawaishi kwa samaki peke yake. Uwanda unaopwa hutoa chaza, kome, kaa na minyoo, na miili ya viumbe hao wengi ina chumvi sawasawa na maji yanayowazunguka, kwa hiyo kila mlo wa chaza ni kama kunywa bahari kidogo. Mnyama anayefanana nao kwa lishe ni fisi-maji wa baharini, ambaye hula kaa na chaza, hunywa maji ya bahari, na ana figo kubwa mno kulingana na mwili wake.

Una njia mbili hapa. Ikiwa watu wako wamebadilika kwa uteuzi asilia tu, wape figo kubwa zenye vitengo vingi vidogo, kama zile za nyangumi, na ueleze viuno vyao kuwa vinene kwa nyuma. Ikiwa mababu zao walihaririwa jeni, basi unaweza kuwapa tezi ya chumvi, ambayo hakuna mamalia aliye nayo lakini ndege wa baharini na kasa wanayo. Knut Schmidt-Nielsen alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba tezi zilizo karibu na macho ya ndege hao hutoa umajimaji wenye chumvi kuliko bahari yenyewe. Kwa kasa hutoka kama machozi. Tezi ya machozi ya binadamu ingeweza kugeuzwa kwa kazi hiyo bila kuongeza kiungo kipya. Mwanamke aliyechimba chaza tangu maji yalipoanza kupwa angerudi na utando mweupe wa chumvi pembeni mwa macho, akiufuta kwa mgongo wa mkono kwa kuwa viganja vina mchanga, na mtoto asiye na utando huo baada ya kula angemtia mama yake wasiwasi. Maelezo ya namna hiyo hugharimu sentensi moja na huipa sayari yako uzito kuliko kurasa za magamba.

Kuhusu baridi, kumbuka kwamba maji huchukua joto la mwili kwa wepesi wa takriban mara 25 kuliko hewa, na mtu asiye na nguo, akiwa ametulia, huweza kutunza joto lake bila shida tu katika maji ya nyuzi 33 hadi 35. Wazo la haraka ni kuwapa tabaka nene la mafuta kama sili, lakini tabaka hilo lingewaangamiza wakati wa kupwa, wanapofanya kazi juani kwa saa nyingi. Afadhali uwape udhibiti bora wa mishipa, ili mikono na miguu ifungwe majini na kufunguliwa juani. Wanawake wa Korea wapigao mbizi, wanaoitwa haenyeo, wanatupa mfano hai: walipokuwa wakizama na nguo za pamba katika maji ya baridi kali, miili yao ilipandisha umetaboli, yaani kasi ya kuunguza chakula mwilini, wakati wa majira ya baridi kwa karibu theluthi moja, na walianza kutetemeka wakiwa wamepoa zaidi kuliko wanawake wengine. Walipoanza kuvaa mavazi ya mpira katika miaka ya 1970, uzoefu huo ulipotea ndani ya miaka michache. Umetaboli wa juu una gharama. Fisi-maji wa baharini hula kila siku chakula chenye uzito wa karibu robo ya mwili wake, na jamii yenye miili ya namna hiyo haiwezi kustahimili hata siku chache za dhoruba bila akiba.

Macho yananifurahisha kwa namna ya pekee, kwa sababu yanaonyesha jinsi mwandishi anavyoweza kupata mengi bila kugusa jeni. Konea yetu, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kukunja nuru, na ikiguswa na maji hupoteza nguvu hiyo, ndiyo maana tunaona ukungu. Mwaka 2003 Anna Gislén na wenzake walichapisha matokeo kuhusu watoto wa Wamoken, wanaoishi kando ya bahari ya Thailand na Myanmar: waliona chini ya maji kwa uwazi wa zaidi ya mara mbili ya watoto wa Ulaya, kwa kubana mboni hadi chini ya milimita 2 na kukaza lenzi. Baadaye watoto wa Sweden walifundishwa na wakaweza vilevile. Uwezo huu hutegemea lenzi laini, na lenzi hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo katika jamii yako watoto na vijana wangekuwa waonaji wa chini ya maji, na wazee wangewategemea. Kuhusu masikio niseme kwa kifupi: sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde dhidi ya mita 340 hewani, kwa hiyo hatuwezi kujua inatoka upande gani, na maji baridi huotesha mfupa ndani ya tundu la sikio. Mfupa huo umeonekana hata kwenye karibu nusu ya mafuvu 23 ya Neanderthal, jamaa wa kale wa binadamu waliokwisha kutoweka, yaliyochunguzwa na kuchapishwa mwaka 2019, na ungekuwa wa kawaida kwa kila mtu mzima wa sayari yako.

Naja kwenye saa ya mwili, ambayo kwangu ndiyo alama halisi ya mtu wa sayari ya kupwa na kujaa. Viumbe wengi wa ukanda huo wana saa inayofuata maji, hata wakiwekwa kwenye chombo kisicho na mawimbi wala nuru. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba gegereka mdogo (wa jamii ya kaa na kamba) aitwaye Eurydice pulchra ana saa ya maji inayoendelea kufanya kazi hata saa yake ya usiku na mchana inapovurugwa, na usubi wa baharini aitwaye Clunio marinus huzipanga saa mbili, ya siku na ya mwezi, ili atoke kwenye gamba lake wakati wa kupwa kukubwa kwa bamvua. Binadamu wana saa moja ya takriban saa 24. Katika sayari yetu ya mfano, kupwa kungechelewa kila siku kwa saa 2 na dakika 40 hivi, na baada ya siku chache kungeangukia usiku wa manane. Watu wanaolala kwa kufuata jua tu wangekosa mavuno mengi na, wakienda uwandani wakiwa na usingizi, wangekosea hesabu ya kurudi.

Kwa usingizi wenyewe nakupendekezea mfano wa sili wenye manyoya wa kaskazini. Akiwa nchi kavu hulala kama sisi, ubongo wote kwa pamoja; akiwa majini hulala kwa nusu moja ya ubongo, nusu nyingine ikiwa macho ili aelee na kupumua, na usingizi wa ndoto hutoweka karibu kabisa hadi atakaporudi pwani. Sijui mnyama mwingine anayefaa zaidi kwa simulizi yako, kwa sababu yeye pia ni mkazi wa mpaka. Watu waliofunikwa na maji wakiwa mbali na kisiwa wangeweza kuelea na kulala nusu hadi maji yapwe tena, na ndoto zingekuwa kitu kinachopatikana nchi kavu tu. Nakiri kwamba kumfikisha binadamu hapo kwa uteuzi asilia pekee kungechukua muda mrefu mno. Jambo hilo naliweka mikononi mwa wahariri wa jeni.

Magamba yaondoe, ngozi laini yenye mafuta hufanya kazi zote ulizotaka yafanye. Utando uwekwe miguuni, ambako utawasaidia kuogelea na pia kutozama katika tope, na vidole vya mikono viachwe huru. Fisi-maji wa baharini ana utando kwenye miguu ya nyuma, ilhali kwa mikono ya mbele hushika mawe na kupasulia chaza, na mtu aliyepoteza wepesi wa vidole amepoteza nyavu, mafundo na visu vyake. Watoto wachanga nao hawawezi kuwa wa majini: mwili mdogo hupoteza joto haraka, na mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa hajiwezi kwa muda mrefu kuliko mtoto wa mnyama mwingine yeyote wa baharini. Hiyo ina maana kwamba visiwa vichache visivyofikiwa na maji vingekuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote, na ugomvi mkubwa wa jamii yako huenda ungekuwa juu ya nani ana haki ya kulea huko.

Kuhusu muda, tumia vipimo vya mambo yaliyokwisha kutokea. Ndani ya maisha ya mtu mmoja hubadilika mboni, uzoefu wa baridi na ustadi wa pumzi. Ndani ya miaka elfu moja au elfu chache, uteuzi huweza kueneza matoleo ya jeni ambayo tayari yamo ndani ya jamii, kama ilivyotokea kwa Wabajau. Lakini angalia kwamba waanzilishi wako wakiwa mia chache tu, huenda matoleo hayo hayakuwamo kabisa, na bahati itaamua mengi kuliko manufaa. Kwa figo mpya na usingizi wa nusu ubongo, fikiria mamia ya maelfu ya miaka na zaidi. Nyangumi walihitaji takriban miaka milioni 10 kutoka Pakicetus, mnyama wa miguu minne aliyeishi kama miaka milioni 50 iliyopita, hadi Basilosaurus ambaye hakuweza tena kuishi nchi kavu. Kama riwaya yako inatokea miaka 500 baada ya kuhama, basi uhariri wa jeni ni wa lazima. Mbinu ya CRISPR, iliyoelezwa mwaka 2012 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2020, inatosha kuwa msingi wa kuaminika, mradi ukumbuke kwamba kila badiliko lina gharama yake: damu yenye seli nyingi huganda kirahisi, na bandama kubwa hupasuka kwa pigo ambalo lingeacha alama ya buluu tu kwa mwingine.

Swali lako la mwisho lina jibu rahisi kwa nusu yake. Ndiyo, wangeweza kuzaa na watu wa Dunia kwa muda mrefu sana. Mababu zetu na wa Neanderthal walikuwa wametengana kwa takriban miaka nusu milioni, na bado walizaa pamoja. Watu wengi wanaoishi nje ya Afrika leo wana takriban asilimia 2 ya urithi huo. Sehemu kubwa za kromosomu X hazina urithi wa Neanderthal kabisa, na wengi huona hiyo kuwa dalili kwamba baadhi ya watoto wa kiume wa mchanganyiko walikuwa na uzazi hafifu, jambo ambalo unaweza kulitumia kama sayari yako imekaa peke yake kwa muda wa namna hiyo. Nusu nyingine ya jibu inahusu ujauzito. Katika nyanda za juu sana, wanawake wa jamii zilizokaa huko tangu zamani, kama Watibeti, huzaa watoto wenye uzito mkubwa kuliko wanawake waliohamia karibuni, kwa sababu miili yao hupeleka oksijeni kwa mtoto vizuri zaidi. Haenyeo wamekuwa wakipiga mbizi hata wakiwa wajawazito, na utafiti wa kijeni uliochapishwa mwaka 2025 ulikuta kwao toleo la jeni linalohusishwa na shinikizo la chini la damu, ambalo watafiti wanadhani huenda lilienea kwa sababu liliwalinda akina mama hao. Mgeni kutoka Dunia akioa au kuolewa kwenye sayari yako, basi, mimba haitakuwa ngumu kupatikana. Mama mgeni atakayeshuka uwandani na kuzama kama wenzake akiwa na mimba ya miezi sita ndiye utakayepaswa kumwonyesha akizuiwa na wakunga, na kizazi cha kwanza cha machotara kitakuwa hasa cha mama wenyeji na baba wageni.